Uzoefu wangu: nimetanuliwa umio kwa puto

Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao ugali unawakwama kifuani huku wakiambiwa ni vidonda vya tumbo. Nilitibiwa katika hospitali moja ya rufaa kaskazini mwa Tanzania, na huduma ile naipendekeza kwa moyo wote.

Zahanati niliyoanzia walinipa dawa ya gesi wakanirudisha nyumbani bila kipimo. Nyama ikakataa kupita, halafu ugali, mwishowe hata uji mzito. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ukibana ndivyo unavyokwenda: vigumu hutangulia, vya majimaji hufuata. Ukiona hivyo, hasa kama unakonda, dai kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni kuangalia umio. Saratani ya umio ipo sana ukanda huu, Kilimanjaro hadi Bomet kule Kenya, na huanza hivihivi.

Siku ya kipimo nilifika sijala tangu usiku. Nesi alinipulizia ganzi kooni, chungu ajabu, akaniwekea kidude cha plastiki katikati ya meno nisije nikang'ata mpira, kisha sindano ya usingizi. Kabla ya kutanua chochote, daktari alichukua vinyama vya kupeleka maabara. Hapo ndipo nilipowaamini. Majibu yalionyesha si saratani. Ni kovu lililotokana na tindikali ya tumbo kupanda kwa miaka mingi.

Puto hupitishwa likiwa limesinyaa, likifika penye kovu hujazwa maji, hukaa kidogo, hutolewa. Kovu langu lilikuwa limebana mno, kwa hiyo walitanua milimita chache tu wakanipangia kurudi. Daktari alisema wazi: ukilazimisha, umio unaweza kutoboka. Kifua kiliumauma hadi kesho yake. Tulionywa kwamba maumivu makali, homa, kutapika damu au kubanwa pumzi ni kurudi hospitali saa hiyohiyo.

Kasoro zipo. Kila awamu inalipiwa upya, na karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza. Ilibidi mke wangu amwombe nesi amfafanulie. Jambo zito kama hili liandikwe kwa lugha ya mgonjwa.

Sasa nakula wali na nyama, natafuna taratibu. Omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, nameza nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, maana tindikali ikiachwa kovu hurudi. Na kabla hujakubali tarehe, uliza kama wana daktari wa upasuaji wa kifua karibu, endapo umio utatoboka.