Mafunzo ya haki za waandamanaji, Mombasa: mazuri kwa aliyekwisha kukamatwa, haba kwa anayekamatwa mapema

Mafunzo ya nusu siku yanayotolewa bila malipo na shirika moja la msaada wa kisheria hapa Mombasa yanastahili kuhudhuriwa na kila anayekusudia kuingia barabarani, na hata na mzazi asiyekuwa na nia hiyo lakini anayelala nyumba moja na vijana walio nayo. Nayasifu, ila si kwa moyo mkunjufu kabisa, kwa sababu swali lililokuwa zito kuliko yote, la kukamatwa kabla ya kutenda kosa, ndilo lililopewa muda mfupi zaidi.

Sehemu iliyonifaa mno ni ile ya notisi. Wengi wetu huzungumza kana kwamba polisi ndio wanaotoa kibali cha maandamano, ilhali Kifungu cha 37 cha Katiba kimekwisha kumpa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka mwandalizi kumwarifu mkuu wa kituo kwa maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, akitaja jina lake, tarehe, saa, na mahali au njia itakayofuatwa. Tulipewa zoezi la kuandika notisi ya matembezi kutoka Mapembeni, kupitia barabara ya Moi na ya Nkrumah, hadi Treasury Square, na ubishi kuhusu saa ya kuanza ulitufundisha mengi kuliko hotuba yoyote.

Katika ubishi huo mama mmoja mfanyabiashara alimgeukia wakili aliyekuwa akifundisha. “Mwanangu, duka langu liko njiani. Mawe yakianza kurushwa, hiyo Katiba itanilipia vioo?” Wakili akamjibu kwa adabu, “Mama, mwenye jiwe mkononi hakingwi na Kifungu cha 37.” Mama hakuridhika: “Na polisi watamjuaje kabla hajalirusha?”

Hapo ndipo palipohitaji saa nzima. Wakili alieleza, kwa usahihi, kwamba Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu askari kumkamata bila hati mtu anayemjua kuwa anapanga kutenda kosa la aina ambayo polisi huweza kumkamata mtu bila hati, iwapo inaonekana kosa hilo haliwezi kuzuiwa kwa njia nyingine. Akataja mifano miwili ya ng’ambo. Huko London, siku ya harusi ya Prince William mnamo Aprili 2011, watu kadhaa walikamatwa kabla ya kutenda lolote, wakaachiliwa bila mashtaka sherehe zilipokwisha, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kuwa polisi hawakuvunja sheria. Huko Ujerumani, vijana wawili walizuiliwa kwa zaidi ya siku 5 wakati wa mkutano wa G8, kundi la mataifa tajiri, wa mwaka 2007 huko Heiligendamm, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua mwaka 2011 kwamba uhuru wao na haki yao ya kukusanyika vilikiukwa. Kisha akafunga ukurasa, akaingia kwenye Kifungu cha 49 cha Katiba.

Kifungu cha 49 alikifundisha vizuri sana: kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Lakini mtu anayechukuliwa alfajiri ya siku ya maandamano na kuachiliwa magharibi hafiki mbele ya hakimu yeyote. Saa 24 hazijavunjwa, mashtaka hayapo, na maandamano yamekwisha kupita. Shuku ya askari haikupimwa na mtu. Tangu maandamano ya Mswada wa Fedha ya Juni 2024, hofu ya vijana wengi niliokaa nao ukumbini si vitoa machozi, ni kubishiwa hodi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Walihitaji kuambiwa kwamba Kifungu cha 29 kinakataza kumnyima mtu uhuru bila sababu ya haki, kwamba Kifungu cha 24 kinauliza kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi, na kwamba hoja hizo hazisimami mahakamani bila kumbukumbu: saa ya kukamatwa, kituo, sababu iliyotajwa, namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Hayo ya kumbukumbu hayakufundishwa kabisa. Wala mama wa duka hakupata jibu lake, na yeye pia ana haki ya kulindwa. Polisi wakizuia fujo za kweli, wanamtumikia yeye.

Kuhusu mengineyo, chai na mahamri vilitosha, na kipaza sauti kilisumbua kidogo. Kijitabu tulichogawiwa kimeandikwa kwa Kiingereza kitupu, jambo la kushangaza katika somo linalosisitiza kuwa aliyekamatwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mafunzo hufanyika Jumamosi asubuhi, wakati ambao wenye maduka na vibanda hawawezi kutoka. Kipindi cha jioni, baada ya isha, kingewaleta wengi zaidi wa aina ya mama yule. Ukienda, muulize wakili mapema, kabla ya mapumziko ya chai, swali la kukamatwa kabla ya tukio, naye atakuwa na muda wa kulijibu.