LED ya klinyota: ile ya kununua na ile ya kuacha hapa Lubumbashi

Jibu naweka huku juu kabisa, juu najua wengi hawatafika chini. Klinyota njo taa ya kuonyesha unageuka upande gani, rele ni ka-kisanduku kanaipigisha tik-tak, na LED ni ampuli ya kisasa inayokula umeme kidogo. Kama motoka yako ni Toyota ya zamani kidogo yenye rele ya klinyota inachomoka na mukono, nunua kwanza rele ya elektroniki, kisha LED za oranji. Kama motoka ni ya juzi-juzi na ile rele haionekane fasi yoyote, baki na ampuli ya kawaida, usijichoshe. Vitu vingine vyote banakuonyesha ku magazini za piese, iwe ku komini ya Kenya iwe katikati ya mji, viko chini ya hizo mbili.

Naandika hii juu ya ile maneno kila muuzishaji anapenda: «Vyé, kamata LED, haiunguake.» Inaungua. Na mbele iungue inakuletea shida ingine: unaifunga, unapiga klinyota, inapiga mbio-mbio sawa motoka imeshikwa na homa. Unarudia ku duka, banakuuzishia kitu ya pili ya kutengeneza kitu ya kwanza.

Mbele ya kutoa makuta

Hakikisha kwanza kama ni ampuli njo imekufa. Upande mumoja ukipiga mbio na mwingine unapiga polepole sawa zamani, karibu kila mara ni ampuli moja ya ule upande wa mbio imeungua, rele inakuonya tu. Kushoto na kuume zote haziwake lakini ukifinya kitufe cha hatari zote ine zinapiga, ampuli ziko zima, angalia fizibu ao maneti ya ku volani, ile ya kuwashia klinyota. Hata ya hatari haipige, hapo tafuta fizibu na rele.

Na kuanzia mwezi wa 11 mvua ikishaanza, maji inaingia mu taa zenye kioo imepasuka, duyi (fasi ampuli inaingia) inashika kutu ya kijani, masi (njia ya umeme kurudia ku chuma ya motoka) inapotea. Ampuli unaitoa, unaitazama, iko zima kabisa. Papie emeri na dakika kumi, umebaki na makuta yako. Mafundi wengine wanajua hii na hawakuambie, mimi nakuambia.

Kwa nini inapiga mbio

Ampuli ya kawaida ya klinyota ni wati 21, ku volti 12 inavuta ampere 1.75. Ya mbele, ya nyuma na ile kadogo ya pembeni ya wati 5, ni wati 47 kwa upande mumoja, karibu ampere 4. Rele ya zamani inapima ule moto (umeme) unaopita. Ukipungua, yenyewe inafikiri ampuli moja imekufa na inaanza kukimbia. LED haifike hata nusu, nyingi ziko ku wati 5 mpaka 10 hivi, kwa hiyo rele inaona sawa taa zote zimekufa. LED haina kosa, rele haina kosa, hazijuane tu.

Klinyota ya kawaida inapiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ukitaka kujua kama motoka yako inapima, toa ampuli moja, washa ule upande. Ikikimbia, inapima, na LED itakimbia vilevile. Ni jaribio la bure, lifanye nyumbani mbele ya kwenda ku soko.

Namba moja: LED ya oranji na rele ya elektroniki

Hii njo chaguo yangu kwa Vitz, Ist, Noah, Hiace, Corolla, zote za zamani zenye rele yake iko chini ya tablo upande wa miguu ya shofa ao mu kisanduku cha fizibu. Washa klinyota, fuata sauti ya tik-tak, weka kidole, utaisikia inagonga. Ichomoe, iende na wewe ku duka. Hapana kusema jina ya motoka tu, onyesha rele yenyewe, juu kuna za miguu tatu na kuna za miguu munane, na hata zile za tatu hazilingane: zenye namba CF13 na CF14 zinafanana machoni lakini miguu haikupangwa namna moja. Angalia herufi zimeandikwa pembeni ya miguu: B ni moto wa batri, L ni taa, E ni masi. Kama B na L zimegeuka, usiisukume, omba ingine.

Rele ya elektroniki inahesabu muda tu, haijali ampere ngapi zinapita, kwa hiyo unaweza kuweka LED nyuma na ampuli ya kawaida mbele, unaweza kubadilisha moja leo na zingine mwezi ujao makuta ikiingia. Zingine zina ka-skrubu ka kurekebisha mbio. Ubaya wake ni moja: haitakuambia tena kama ampuli imekufa, maana haipime kitu. Basi zunguka motoka mara moja moja ukiangalia.

LED yenyewe sasa. Soma maandishi ya ku shaba ya ampuli ya zamani. PY21W ni ya oranji, vile vidole vyake viwili pembeni havitazamane sawasawa, vimekaa ku digri 150. P21W ni nyeupe, vidole vinatazamana ku 180. Muuzishaji akikupa P21W kwa fasi ya PY21W haitaingia, na hapo utaona fundi anakamata lima (tupa ya chuma) anaanza kukata kidole kimoja… mukimbie. Motoka nyingi za Japani zinatumia T20, ile ya kusukuma tu bila kuzungusha, ya filama moja (ka-waya ka ndani kenye kuwaka) banaiita 7440, na 7443 ni ya filama mbili. Klinyota karibu siku zote ni ya moja.

Rangi: kioo ikiwa nyeupe, LED ya oranji. Kioo ikiwa ya oranji, LED ya oranji pia, hapana nyeupe. Batu wengi wanafikiri nyeupe itatoka na nguvu zaidi, lakini kioo ya oranji inakula sehemu kubwa ya ule mwanga na inabaki ka-rangi ka kupauka. Tena angalia LED iko na vichipi pande zote na kamoja ku kichwa, juu mu taa kuna kioo ya kurudisha mwanga, na kama LED inatupa mwanga mbele tu, kile kioo kinabaki giza na mwenye kukufuata ku Chaussée Kasenga saa sita ya mchana haone kitu. Usiku LED yote inaonekana nzuri. Ijaribu mchana ku jua, simama nyuma mbali kidogo, kisha jisogeze pembeni.

Pima na urefu. LED zingine ziko ndefu kupita ampuli ya zamani, zinagusa kioo ao zinakatala kuzunguka mu duyi.

Na zile karatoni zimeandikwa «100W», cheka tu. Kitu kadogo vile kingekula wati 100 kingeyeyusha taa yote. Kama fundi iko na kipimo, ampere mara volti ndiyo wati za kweli.

Namba mbili: ampuli ya kawaida PY21W

Najua wengi watashangaa naiweka juu ya LED zingine. Lakini taa yako ilichorwa kwa hiyo ampuli, mwanga unajaa kioo yote, bei iko chini kabisa, inapatikana hata usiku ku mutu wa barabara, na haiulize rele. Koito na Stanley za kweli za Japani zinakaa muda murefu, mara nyingi utazipata mu motoka yenyewe imefika nazo kutoka kule, usizitupe. Philips na Osram pia nzuri, lakini za bandia zimejaa, angalia maandishi yamechapwa ndani ya shaba sawasawa ao yamepakwa rangi inayotoka na kucha.

Shida yake ya hapa ni mbili. Barabara: ukiingia mu mashimo ya Katuba ao Ruashi kila siku, ka-waya ka ndani kanatetemeka mpaka kanakatika. Na ile rangi ya oranji ya bei chini inabanduka kwa joto, kisha miezi unabaki na klinyota nyeupe, na roulage (polisi wa barabara) akikosa kitu cha kukuuliza ataanzia hapo.

Tena LED inawaka palepale, ampuli ya kawaida inachelewa kidogo kufika ku mwanga wake kamili. Kwa klinyota tofauti ni ndogo, kwa freni ndio ningejali.

Namba tatu: LED za «canbus» zenye rezistansi ndani

«Canbus» ni jina la njia ya kompyuta ya motoka kuongea na vyombo vyake. Hizi LED zinadanganya motoka: ndani wameweka rezistansi ya kula moto wa bure ili motoka ifikiri ni ampuli ya kawaida. Kwa motoka za juzi-juzi zenye kompyuta njo inaamrisha klinyota, na mwenyewe anataka LED kwa nguvu, njo njia safi kuliko kukata fili. Lakini joto lote linabaki mu kitu kadogo, na joto njo linaua LED. Chagua zenye mwili wa aluminiamu na ka-ventilateri, uziguse kisha dakika tano za kupiga. Wala si zote zinafaulu. Motoka moja inazikubali, ingine inakimbia tu. Kwa hiyo usilipe mbele ya kuzijaribu ku motoka yako, mu parking ya duka, na muuzishaji akikatala enda ku jirani yake.

Namba ine: LED ya bei chini na rezistansi ya pembeni

Ile ya rangi ya dhahabu, imeandikwa 50W 6 omu. Inafungwa pembeni ya LED, na klinyota inatulia, kweli. Lakini tupige hesabu. Ku volti 12 hiyo rezistansi inavuta ampere 2, wati 24. Ampuli uliyoitoa ilikuwa wati 21! Umenunua LED ya kupunguza, umeongeza. Ile 50 ni joto ambalo inaweza kubeba kama imefungwa ku chuma, si kitu ingine.

Hapa njo fasi ya kufikiri sawasawa kwa batu ba njia ya Likasi na Kolwezi. Umeharibikiwa usiku, malori ya shaba yanapita, unawasha zote ine ya hatari mpaka asubui. Na ampuli za kawaida, pamoja na tule tudogo twa pembeni, ni wati 94 zikiwa zimewaka, zinawaka nusu ya muda tu, kwa hiyo karibu ampere 4. Masaa munane ni zaidi ya ampere-saa 30 (ampere mara masaa), batri ya 45 imebaki na kidogo sana, motoka haitawake. LED za wati 7 na rele ya elektroniki: karibu 10 kwa ule usiku wote. LED hizo hizo na rezistansi ine: zaidi ya 40. Batri imekwisha.

Na ile rezistansi njo inaunguza usiku huo. Inafika joto la kuchoma ngozi, na nimeona mafundi wanaifunga na skochi ku plastiki ya parshoki. Ikikulazimu, skrubu mbili ku chuma, mbali na fili. Ingine hapana.

Ya mwisho: zile za nyeupe na oranji pamoja

Nyeupe ukitembea, oranji ukipiga klinyota. Vijana wanazipenda, ku Vitz imeshushwa ziko fureshi, sikatae. Lakini zinaomba kukata fili, zinaomba rezistansi mara nyingi, na zile za bei chini nyeupe haizimike vizuri wakati oranji inapiga, basi mwenye kukuja mbele haone unaenda wapi. Kwa motoka ya volani ya kuume, ambayo hapa ni nyingi, hiyo ni hatari zaidi: ukitaka kupita lori njia ya Kasumbalesa huone mbele mpaka umetoa nusu ya motoka, klinyota njo inasema kwa fasi yako.

Vitu vidogo

Ka-ampuli ka pembeni, T10 ya wati 5, weka LED bila kuogopa, mara nyingi rele haisikie hata. T10 na T20 za LED zikikatala kuwaka, geuza upande, ziko na plusi na minusi. Zikikatala tena njo useme imekufa.

Lori na Coaster ao Land Cruiser zenye volti 24: LED ya 12 itaungua palepale. Tafuta yenye imeandikwa 10–30V ao 24V, na rele yake pia iwe ya 24. Pikipiki rele yake mara nyingi ni ya miguu miwili, ya motoka haiingie.

Na zile ampuli za zamani zenye zilibaki zima, hapana kumwachia fundi. Funga mu karatasi, tia mu kisanduku cha tablo. LED moja ikikufa usiku mbali na mji, ampuli ya kawaida inaingia fasi yake na rele ya elektroniki inaikubali bila maneno.