Mashle au Iruma-kun: uanze na ipi?

Ukitaka manga (vibonzo vya Kijapani) ya shule yenye uchawi na vicheko, hizi mbili zinakaribiana sana, maana shujaa wa kila moja ana siri. Katika Mashle ya Hajime Komoto, Mash hana hata chembe ya uchawi lakini anasoma shule ya wachawi, akitegemea misuli tu. Katika Iruma-kun ya Osamu Nishi, Iruma ni binadamu aliyejificha kwenye shule ya mashetani, na wimbo wa shule wenyewe unasifia kula binadamu!

Mashle ilianza 2020 ikaisha 2023, vitabu 18. Kama una wikendi moja, chukua hiyo. Mbele kidogo mapigano yanameza utani, na hapo hamu yangu hupungua.

Iruma-kun, iliyoanza 2017, ndiyo ninayoipenda kwa dhati. Tazama siku wanafunzi wanapoita viumbe wa kuwatumikia: kwa Iruma anatokea mwalimu Kalego, mkali kupindukia, amegeuka kijinyama cha manyoya, na bado kanuna vilevile. Nilicheka mpaka machozi. Halafu kuna Clara, binti mchangamfu aliyezoea kuwapa wenzake vitafunio ili wakubali kucheza naye. Iruma, ambaye wazazi wake mwenyewe walimuuza, anacheza naye bila kudai chochote. Kwa upole wa namna hiyo, Mashle haiifikii hata kidogo.