Kliniki ya njiti ya Alhamisi: wao nawapa nyota nne, futi yao siipi hata moja

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mnisamehe nikianza na futi. Jicho langu hukimbilia huko kabla halijaona kingine.

Alhamisi iliyopita nilimpeleka Yusufu kliniki ya watoto waliozaliwa njiti, hospitali moja ya serikali hapa Dar. Jina siliandiki, maana huko chini nitawasema, na manesi wale bado nawahitaji. Yusufu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 29, gramu 1,150. Sasa ana mwaka mmoja na nusu na hatembei. Anashika kochi, anaambaa nalo hadi mwisho, anahamia kwenye meza. Ukimwachia mkono anakaa chini. Mtaani limeshakuwa gazeti. "Mbona wa jirani wamelingana, na yule anakimbiza kuku?" Mama mkwe wangu hasemi kitu, ila mwezi uliopita alikuja na lile gari la plastiki la kujifunzia kutembea, lenye matairi na vikengele.

Kadi zinapokelewa saa moja na nusu. Nilifika saa moja kamili nikawa wa 14. Kwanza mnapimwa wote uzito, urefu na kichwa, ndipo mnarudi kwenye benchi kumsubiri daktari. Uzito kilo 9.4, sawa. Kwenye kichwa nesi alichomoa futi msumarini. Ilikuwa nyeupe zamani. Namba 1 mpaka 5 zimefutika, ncha ya bati imeng'oka. Akazungusha, akasoma 44 na nusu, akatazama kadi. "Mama Yusufu, kichwa hakijaongezeka tangu mara ya mwisho."

Aliyekaa wodi ya njiti anajua maana ya maneno hayo. Kichwa kisichokua ni habari ya ubongo. Mikono ilipoa.

Halafu fundi aliyemo ndani yangu akaamka. Futi laini ikivutwa miaka na miaka inarefuka. Sentimita yake inakuwa kubwa kuliko sentimita, kwa hiyo inasoma pungufu. Mwenzenu niliwahi kupima wasimamizi wanne wa harusi kwa futi ya namna hiyo, nikakata vitambaa kwa rula ya chuma. Magauni yote manne yalibana kifuani, na harusi ilikuwa kesho yake. Nikatoa futi yangu mkobani. "Sista, naomba tujaribu na hii." Hakufurahi, lakini akaipokea. 45.6. Tukazilaza mbili mezani sambamba: hamsini ya kwangu ilikutana na arobaini na nane na kitu ya kwake.

Hapa ndipo nilipomheshimu. Angeweza kunijibu vibaya, tumeshajibiwa vibaya kwingi. Badala yake alitoka kwenye korido akawaita wote 13 walionitangulia warudi kupimwa upya. Watu wakasonya, foleni ikarudi nyuma, na wote wakajua ni kwa sababu ya nani.

Kusubiri ndiko kunakowanyima nyota ya tano. Daktari alianza saa nne kasoro, mimi niliitwa saa sita na dakika 20. Korido haina feni na jua la saa nne linaingia mpaka miguuni. Aliyekaa karibu yangu ni mwalimu, njiti wake ana miezi michache tu. Akanieleza kwamba mabadiliko ya sheria ya kazi ya 2025 yanamwongezea mama wa njiti likizo: zile wiki zilizobaki mimba kufikisha 40 zinaongezwa juu ya likizo ya kawaida. Nikamwambia hongera, mwenye kunipa likizo mimi ni cherehani, na cherehani haijui wiki. Tulicheka, muda ukaenda. Lakini jamani, mtoto anakuja kupimwa anavyocheza na anavyoelewa, mnamweka kwenye benchi saa tano nzima? Jina lilipoitwa Yusufu alikuwa amelala, nikamwingiza amenuna kama mdai kodi.

Daktari, dada mdogo tu, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Aliona ule uso, akasema, "Mnyonyeshe kwanza, Mama Yusufu, hatuna haraka." Haraka alikuwa nayo, watu walikuwa wengi nje. Nilinyonyesha.

Swali lake la kwanza: ulitarajiwa kujifungua lini? Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa kadi: wiki 40 kutoa 29 ni 11, karibu miezi miwili na nusu. Kumi na nane kutoa hiyo, kumi na tano na nusu. "Huyu tunamlinganisha na wenzake wa miezi 15 na nusu, mpaka afikishe miaka miwili. Chanjo tu ndizo zinazofuata tarehe ya kuzaliwa." Na watoto wengi wanakuwa wameanza kutembea wenyewe kabla ya miezi 18, kwa hiyo bado yumo ndani ya muda. Mwaka mmoja na nusu naenda kliniki kila mwezi, hakuna aliyewahi kunifanyia hesabu hiyo ya kutoa. Mimi ninayetoa na kujumlisha sentimita mchana kutwa!

Kipimo wanachotumia kimetungwa Malawi kwa watoto wa huku kwetu, mafungu manne: viungo vikubwa, mikono, lugha, na kuishi na watu. Yusufu alipanga kibao juu ya kibao, cha tatu akakirusha ukutani. Aliokota punje ya mhindi kwa kidole gumba na cha shahada, mkono wa daktari ukiwa tayari karibu na mdomo wake. Kibao kilipofichwa chini ya leso alikifunua, akamtazama daktari kama anayemuuliza, basi? Maneno tulihesabu manne, mojawapo "bai", yaani bajaji.

Kisha daktari akakunja vifundo vya miguu, akamsimamisha, akatazama nyayo zilivyokanyaga. Nilimuuliza anatafuta nini. Ukakamavu, akasema. Mtoto anayekaza miguu ikapishana kama mkasi, anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, au anayepoteza alichokwisha kukijua, huyo hasubiriwi wala hahesabiwi wiki, anapelekwa kwa watu wa mazoezi ya viungo mara moja. Yusufu anakanyaga nyayo nzima.

Lile gari la bibi daktari alilikataa. Mtoto anajisukuma kwa vidole, hajifunzi kujisawazisha, na akikuta ngazi amekwenda nayo. Mpe kigoda asukume, akasema, na umwache peku. Gari sasa liko dukani kwangu limebeba vipande vya vitenge. Mama mkwe akija nalifunika.

Masikio hayakupimwa: mwenye mashine hakuwepo, turudi siku nyingine. Hilo wangenitumia hata ujumbe. Macho tumepewa barua ya kwenda kupimwa. Vipimo vya macho vya wodini vilikuwa vya mishipa ya nyuma ya jicho. Sasa wanataka kuona kama kuna makengeza au kama anahitaji miwani. Na ile ripoti imeandikwa Kiingereza chote, ukurasa mzima. Nikaomba anitafsirie, akageuza karatasi akaniandikia mistari miwili nyuma, kwa Kiswahili, mwandiko wa daktari. Baba Yusufu ameusoma mara tatu.

Pesa: sikulipa, yuko chini ya miaka 5. Daladala 600 kwenda, 600 kurudi. Mkienda bebeni uji, kanga ya kulalia, na karatasi ya kutoka wodini yenye zile wiki, bila hiyo hesabu haifanyiki. Sisi tunarudi baada ya miezi mitatu.

Futi yangu niliwaachia. Nesi ameitundika msumari ule ule, juu ya ile kuukuu. Mkasi nilikuwa nao mkobani, nikajizuia.