TAHADHARI: Michoro feki ya "Emily" na wachoraji wa jangwa la Australia. Cheti peke yake si ushahidi

Ndugu zetu mlioko Melbourne, Perth na Adelaide, pamoja nanyi mnaoagiza vitu mtandaoni mkiwa Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna wauzaji wanaotangaza michoro ya nukta ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wakidai ni kazi ya Emily Kame Kngwarreye au Clifford Possum Tjapaltjarri, kwa dola elfu mbili au tatu. Wanaambatisha cheti chenye muhuri wa dhahabu na picha ya bibi kizee ameshika turubai. Wanasema mwenye mali anahama nchi, kwa hiyo anauza haraka. Msilipe.

Turubai kubwa la Emily halipatikani kwa bei hiyo. Mchoro wake wa 1994 uitwao Earth's Creation ulivuka dola milioni moja za Australia mnadani mwaka 2007, na 2017 ukauzwa tena kwa milioni 2.1. Warlugulong ya Clifford Possum, ya mwaka 1977, ilinunuliwa na benki kwa dola 1,200 na kutundikwa kwenye kantini ya chuo chao cha mafunzo. Mwaka 2007 Jumba la Taifa la Sanaa la Australia likailipia milioni 2.4. Kisa hicho cha benki ni cha kweli, na ndiyo maana matapeli wanakipenda: leo elfu mbili, kesho utajiri.

Kwa nini jina la Emily ndilo linalochezewa sana? Ukijua maisha yake utaelewa. Alizaliwa karibu 1910 huko Alhalkere, eneo la Utopia, kilomita mia mbili na kitu kaskazini mashariki mwa Alice Springs. Alikuwa Mwanmatyerr, yaani mtu wa jamii ya Anmatyerr, mzee wa sherehe za wanawake, na alifanya kazi kwenye mashamba ya mifugo. Mwaka 1977 wanawake wa Utopia walianza kufundishwa batiki, ileile ya nta na rangi tunayoijua sisi, naye akadumu nayo zaidi ya miaka kumi. Turubai alilianza mwishoni mwa 1988, umri ukikaribia themanini, akafariki Septemba 1996. Katika miaka hiyo minane inakadiriwa alichora kazi kama 3,000. Hakufungwa na dalali mmoja, na ndugu wengi walimtegemea, hivyo kazi zake halali zilipitia mikono mingi. Tapeli anajificha humo humo. Ukimuuliza mbona kazi hii haimo kwenye kumbukumbu za kituo fulani cha sanaa, atakujibu kwamba bibi alimchorea kila mtu.

Mtindo wake nao ulibadilika haraka. Mwanzoni nukta ndogo zilifunika mistari ya chini. Baadaye akapiga nukta pana kwa brashi nene, kisha ikaja mistari mitupu kama ile ya rangi za mwilini kwenye sherehe, na mwaka 1995 mizizi ya kiazi kikuu cha porini iliyosokotana. Big Yam Dreaming ina karibu mita 8 kwa 3, yote mistari myeupe juu ya weusi. Basi mwaka ulioandikwa kwenye cheti lazima uendane na mkono unaouona. Feki nyingi huanguka hapo, maana mwigaji hunakili mtindo unaouzika na kubandika mwaka wowote.

Tarehe ndiyo kipimo cha bure kabisa. Kazi ya Emily ya baada ya Septemba 1996 ni uongo. Clifford Possum alifariki Juni 2002. Minnie Pwerle, mchoraji mwingine wa Utopia, alianza turubai mwishoni mwa 1999 na kufariki Machi 2006, kwa hiyo "Minnie Pwerle, 1992, akriliki juu ya turubai" ni ya kurudisha bila mjadala.

Majina pia huwaumbua. Tjapaltjarri si ukoo maarufu wa wachoraji, ingawa wauzaji hulitaja hivyo. Ni mojawapo ya majina ya makundi ya undugu, na hubebwa na maelfu ya watu wasio na uhusiano wa damu wa karibu. Kwa Wapintupi na Wawarlpiri, jamii mbili za jangwani, jina la mwanamume huanza na Tj au J, na la mwanamke wa kundi hilohilo huanza na N: Tjapaltjarri ni kaka, Napaltjarri ni dada. Cheti kikimwita mwanamume Napaltjarri, aliyekiandika hajui anachokiuza. Ila msimwonee muuzaji wa kazi za Utopia, kwani kule Kngwarreye, Petyarre au Pwerle hubebwa na wanawake na wanaume sawa.

Sasa cheti chenyewe. Yeyote mwenye printa anaweza kukitoa. Chenye uzito ni kile kilichotolewa na kituo cha sanaa kinachomilikiwa na wasanii: Papunya Tula Artists, iliyoanzishwa 1972 baada ya wazee wa Papunya, kijiji cha jangwani, kuanza kuchora mwaka uliotangulia, Warlukurlangu ya Yuendumu, Warlayirti ya Balgo, Tjala ya Amata na vingine vya aina hiyo. Kituo huandika namba ya orodha nyuma ya turubai, na namba hiyohiyo huwa kwenye cheti na kwenye daftari lao. Kwa Papunya Tula namba huanza na herufi za jina la msanii, kisha tarakimu za mwaka na mwezi. Mwombe muuzaji picha ya nyuma ya turubai, namba isomeke, halafu wapigie kituo wenyewe kwa simu uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye cheti. Waulize kichwa cha kazi, vipimo kwa sentimita na msanii. Vipimo vikipishana kwa sentimita kumi, huenda namba imeibwa kutoka kazi nyingine. Hilo hutokea, kwa sababu namba halali zimejaa kwenye katalogi za minada.

Kituo kikisema hakiijui kazi hiyo, kilichobaki ni mnyororo wa umiliki: nani alinunua kwa msanii, mwaka gani, risiti iko wapi, nani akafuatia. Kiungo kimoja kikiwa ni "mkusanyaji binafsi" asiye na karatasi, bei ishuke hadi ya pambo la ukutani au uachane nayo.

Picha ya msanii ameshika mchoro isikutulize. Wapo madalali wanaowaweka wazee kwenye mabanda na vyumba vya moteli Alice Springs, wakiwalipa kwa chakula, pombe au gari bovu, na kumkabidhi mzee turubai lililochorwa na mtu mwingine apigwe nalo picha. Seneti ya Australia ilitoa ripoti mwaka 2007 iliyogusa unyonyaji wa namna hiyo. Clifford Possum mwenyewe, mwaka 1999, alionyeshwa Sydney kazi zilizouzwa kwa jina lake akasema nyingi hakuzichora, na mwaka 2001 mfanyabiashara mmoja akatiwa hatiani. Inauma mno kumwona mzee wa heshima ile akilazimika kukana michoro iliyobeba jina lake mwenyewe.

Soma pia maelezo ya hadithi. Mchoraji wa jangwani hachori simulizi yoyote anayoipenda, huchora Jukurrpa, yaani simulizi takatifu za mababu, ya ardhi aliyorithi haki nayo, na ardhi hiyo ina jina. Warlugulong inahusu moto uliowashwa na Lungkata, mtu-mjusi mwenye ulimi wa buluu, kuwaadhibu wanawe wawili ambao hawakugawana nyama ya kangaruu. Hapo kuna mahali, mhusika na kisa. Karatasi inayosema tu kwamba duara ni kisima na alama ya U ni mtu aliyeketi inafaa mchoro wowote duniani, kwa hiyo haithibitishi chochote.

Ukipata nafasi ya kulishika turubai, zima taa ya juu na umulike tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu kabisa na uso wa mchoro. Nukta iliyopigwa kwa kijiti huwa na ukingo uliovimba na kichuguu kidogo katikati pale kijiti kilipoinuliwa. Fuata mstari mmoja wa nukta: ya kwanza nene, za kufuata zinapungua, kisha nene tena, kwa sababu kijiti kimechovywa upya. Printi, yaani nakala iliyochapwa kwa mashine, haina mdundo huo. Siku hizi hupakwa jeli angavu juu ya printi ili vidole vihisi miinuko, lakini mikwaruzo ya brashi ya jeli hukatiza nukta badala ya kuzifuata. Kioo cha kukuza mara kumi kitakuonyesha vidoa vidogo vya wino vya rangi tatu nne ndani ya kile kinachodhaniwa kuwa rangi moja. Vumbi jekundu au unywele wa mbwa ulioganda kwenye rangi si kasoro, maana turubai hulazwa chini na mbwa hupita. Ila vumbi ni rahisi kuongeza, lisikushawishi peke yake.

Kuhusu bumerangi, vinyago na vitambaa vya maduka ya watalii: "imechorwa kwa mkono" haisemi mkono wa nani. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliipiga kampuni moja ya jumla faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza bidhaa zilizotengenezwa Indonesia kana kwamba ni za Waaborijini. Tafuta jina la msanii na la jamii yake. Hakuna jina, acha.

Mwenye hela kidogo asikate tamaa. Vituo huuza maturubai ya sentimita 30 kwa 30 kwa dola mia moja na kitu hadi mia kadhaa, na msanii analipwa. Huyafunga ndani ya bomba. Ukisafirisha mwenyewe, viringisha uso wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba pana, la sivyo akriliki hupata mikunjo. Kwa kazi ya zamani yenye thamani kubwa, uliza kwanza kama inahitaji kibali cha kutoka Australia chini ya sheria ya 1986. Muuzaji anayekuambia aiandike kuwa "zawadi" ili ipite forodhani anakutupia kesi wewe.

Lipa kwa kadi, usitume benki kwa benki wala kwa simu. Ikiwa umeshatuma, piga simu benki leo hii na uombe muamala upingwe. Kama ni pesa ya simu, mpigie mtoa huduma papo hapo kabla haijatolewa. Hifadhi tangazo, mazungumzo, picha za mbele na nyuma na cheti, kisha peleka malalamiko polisi na, kwa walioko Australia, kwa mamlaka ya walaji ya jimbo lako. Mfanyabiashara akiwa mwanachama wa Indigenous Art Code, chombo cha maadili ya biashara ya sanaa ya wenyeji, peleka malalamiko kwao pia. Na turubai hilo usimuuzie mwingine ili urudishe hela yako. Ukishajua ni feki halafu ukaliuza kama halali, kosa hilo ni lako.