Tahadhari: Bodi za ESP32 Zenye Shaba Chini ya Antena

Ndugu mafundi na wanafunzi wa elektroniki, nawatahadharisha kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayeuza bodi za kupimia unyevu wa udongo zilizolehemiwa moduli ya ESP32 (kibodi kidogo chenye chipu ya Wi-Fi na antena yake), akizinadi kuwa zinashika Wi-Fi hadi mita 100. Bodi nilizonunua kwake hupoteza mtandao chumba cha pili tu, na moduli zenyewe ni nzima. Kasoro imo kwenye bodi iliyo chini yake.

Antena ya moduli hii ni ule mchirizi wa shaba uliopindapinda kwenye ncha isiyofunikwa na kifuniko cha chuma. Mtengenezaji, Espressif, anaelekeza kwamba ncha hiyo ikae ukingoni, ikiwezekana itokeze nje ya bodi, na isipowezekana, eneo la milimita 15 kuizunguka liachwe bila shaba. Bodi hizi zimeiweka katikati, juu ya shaba ya ethi (ile ya upande hasi wa umeme) iliyotandazwa pande zote mbili, na kishikio cha betri kimefungwa nyuma yake hasa. Shaba iliyo karibu kiasi hicho huivuruga antena iliyoundwa kwa masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na kupunguza sana nguvu inayotoka hewani, hivyo chipu hurudia kutuma data ileile tena na tena, na betri huisha mapema. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mkulima aliyefungiwa kifaa hiki atabadilisha betri kila mara bila kujua kinachozimaliza.

Nilipomweleza muuzaji, alidai ruta yangu ni mbovu, kisha akaacha kujibu. Hata hivyo, moduli niliyoing'oa na kuilehemu kwenye bodi yenye ukingo wazi, palepale mezani, nguvu ya mtandao wake ilipanda kutoka dBm -84 hadi -61 (kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mtandao ulivyo imara). Wapo wanaoshauri kukwangua shaba kwa wembe, lakini ya upande wa juu imefunikwa na moduli na haifikiki bila kuing'oa.

Ukaguzi ni rahisi kwa bodi za kijani: mulika tochi ya simu kutokea chini ya antena. Penye fibaglasi tupu mwanga hupenya na mchirizi wa antena huonekana. Penye shaba hubaki giza. Matangazo ya muuzaji huyu huonyesha upande wa juu pekee, kwa hiyo ombeni picha ya upande wa chini ikiwa imemulikwa hivyo kabla ya kutuma fedha, na akikataa, msilipe.