Tahadhari kwa wapiga gitaa: pawasaplai ya pedali iliyoandikwa ISOLATED, ndani matundu yote ni mamoja

Wakuu, poleni na majukumu. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, na sababu ni aibu tu. Napiga gitaa la solo mwaka wa kumi na kitu huu, kanisani na kwenye bendi ya maharusi hapa Dar, vijana wananiita mwalimu, halafu mwalimu mwenyewe kaingizwa mjini na kiboksi cha bati cha kugawia pedali umeme. Ningenyamaza. Lakini juzi kijana wa kwaya kanifuata na simu mkononi, "mwalimu, hii vipi, ninunue?" Naangalia, picha ni ileile na muuzaji ni yuleyule.

Bodi yangu ni ndogo, pedali tano, yaani vile viboksi vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa: tyuna, ovadraivu, korasi, dilei na rivabu. Nne zinataka volti 9. Ovadraivu inakubali kuanzia 9 hadi 18, na ukiipa 18 sauti inafunguka, haibanwi mapema ukikandamiza nyuzi. Miaka yote nilitumia adapta moja na ule waya wa mnyororo unaogawa umeme kwa pedali zote. Tatizo rivabu ni ya dijitali. Ikiwa kwenye mnyororo na wenzake, spika inatoa mluzi mwembamba kama mbu sikioni. Mchungaji alishageuka katikati ya maombi kutafuta unatoka wapi.

Dawa ya mluzi huo inajulikana: pawasaplai ambayo kila tundu linajitegemea, hasi ya tundu hili haigusani na hasi ya lile. Za kweli ni ghali. Ndipo nikakutana na ukurasa wa huyu jamaa. Boksi jeusi, matundu manane ya volti 9, kila moja miliampia 500, na juu limeandikwa ISOLATED kwa herufi kubwa kama jina la basi. Shilingi 180,000. Nikamwambia nina pedali ya 18, akajibu, "Usijali bosi wangu, chukua na huu waya wa 15,000, unachomeka matundu mawili, 9 na 9 unapata 18." Na hapo kwenye waya hakudanganya. Kitu hicho kipo na kinafanya kazi, ila kwenye pawasaplai ambayo matundu yake yametengwa kweli. Nikatuma hela yote kwa simu, bodaboda akaleta mzigo jioni. Boksi zito, nikaridhika kabisa na ule uzito. Kumbukeni hilo la uzito.

Jumamosi tuna harusi. Sikulijaribu nyumbani, kosa langu hilo, sisingizii mtu. Nimefika ukumbini saa kumi, nikapanga nyaya, nikawasha. Hakuna taa ya pedali hata moja iliyowaka. Nikaegemeza kiganja kwenye boksi ili nikaze plagi, nikakitoa haraka: la moto kama pasi. Nikachomoa ule waya wa 18, hapohapo taa zikawaka na ikasikika pap! ndogo ndani ya dilei, ikafuata ile harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Harusi nzima nimepiga gitaa kavu, waya moja kwa moja kwenye ampi, mpiga kinanda akinifichia aibu.

Jumatatu nikapeleka vyote kwa fundi. Dilei ilikuwa na kapasita imevimba kichwa kama maandazi, na ubavuni imeandikwa 16V, ndio mwisho wa volti inazovumilia. Fundi akaigusa kwa ncha ya bisibisi akaniuliza, "Hii umeipa ngapi?" Nikamwambia tisa. Akacheka. Akafungua boksi la umeme. Matundu manane, yote yanashika njia moja ya shaba, na nyuma yake kuna kidude kimoja tu cha kushusha umeme kutoka 18 ya adapta kuja 9. Kimoja kwa matundu yote manane! Pembeni kuna kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi, hakijaunganishwa na chochote. Huo ndio uzito niliouridhia.

Kilichotokea ni hiki. Ule waya wa kupata 18 unaunganisha chanya ya tundu la kwanza na hasi ya tundu la pili. Kama hasi zote ni moja, maana yake umechukua chanya ukaigonganisha na hasi yake mwenyewe. Shoti. Kile kidude kikazidiwa, kikaungua kikabaki kinapitisha umeme bila kuushusha, na nilipochomoa ule waya 18 yote ya adapta ikapita bila breki kwenda kwenye pedali za 9. Dilei haikuvumilia. Korasi nayo imekufa. Tyuna na rivabu zimepona, fundi anasema hizo zina ulinzi wake pale umeme unapoingilia. Na ovadraivu, pedali pekee iliyotaka hiyo 18, haikuonja chochote.

Sasa namna ya kumnasa kabla hujamwaga hela. Anza na hesabu ya lebo, hii haihitaji hata kifaa. Geuza adapta iliyokuja na boksi, soma palipoandikwa OUTPUT. Yangu inasema 18V 1A, yaani wati 18. Boksi linadai matundu manane ya volti 9 kwa miliampia 500, ambayo ni wati 36. Umeingiza 18, utatoaje 36? Ningepiga hiyo hesabu nikiwa kitandani na simu nisingekuwa naandika hapa. Mwombeni muuzaji picha ya lebo ya adapta. Akianza kuzunguka, mmeshamjua.

Ukiwa nalo mkononi, tumia mita ya fundi, hata ile ya bei rahisi. Boksi liwe halijachomekwa ukutani. Chomeka nyaya mbili kwenye matundu mawili tofauti, weka mita kwenye alama ya mlio, kisha ingiza ncha moja kwenye shimo la katikati la plagi hii na nyingine kwenye shimo la katikati la plagi ile. Pedali nyingi ndivyo zilivyo, hasi katikati na chanya nje. Mita ikilia, hasi zimeshikana na hilo neno kwenye boksi ni mapambo. Jaribu matundu yote, maana yako maboksi ambayo mawili yametengwa na yaliyobaki yameshikana.

Jamaa huyu ana msemo mwingine anaouandika chini ya picha, kwamba pedali yoyote ya 9 ukiipa 18 "inapiga kibabe". Msimsikilize. Zipo zinazokubali, na zimeandikwa kwenye kitabu chake au pembeni ya tundu. Nyingine ndani zina kapasita za 16V kama dilei yangu, au chipu ya kuzidisha umeme ambayo mwisho wake ni volti 10 hadi 12 hivi. Ovadraivu nyingi za aina ya Klon, ile maarufu inayoigwa sana, zina chipu ya namna hiyo. Na dilei ya DL4 ya zamani ya kampuni ya Line 6, ile ya kijani, inataka 9 ya AC, umeme wa kupishana kama wa ukutani, kwa hiyo hata tundu la 9 la kawaida haliihusu.

Nyongeza kwa wanaonunua mitumba ya Japani: adapta za kampuni ya Boss zilizoandikwa PSA-100 ni za umeme wao wa volti 100. Zina plagi mbili bapa, unaweka kigeuzi cha plagi tu kisichoshusha umeme, unachomeka kwenye 230 ya kwetu, kwaheri. Huyo jamaa anazo pia, anaziita "orijino Japan".

Nimempigia. Kwanza akasema nimechomeka vibaya. Nikamtumia picha ya kile chuma, akasema mzigo ukishafunguliwa haurudi. Nikamwomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akanibloku. Sina risiti, nina ujumbe wa muamala na maongezi yetu tu, nimevihifadhi nivipeleke Tume ya Ushindani, maana ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Jina la ukurasa siliweki hapa. Mtamjua: sehemu ya maoni imefungwa, picha zina zulia jekundu nyuma, na hakubali mtu alipie baada ya kukagua mzigo.

Jana usiku nimechungulia kwa simu ya mke wangu. Ameliweka tena, sasa ni 150,000, na waya wa 18 anautoa bure.